Mjusi wa Tendaguru katika jumba la Berlin

Makumbusho ya Historia ya Asili ya Berlin yamo katika jumba la ghorofa kadhaa lililofunguliwa mwaka 1889, wakati Ujerumani ilipokuwa ikijipenyeza katika pwani yetu, na kwa Mtanzania anayeingia humo tarehe hiyo si jambo la kupitwa haraka. Ndani ya ukumbi wa kati, chini ya paa la vioo, amesimama mjusi mkubwa wa kale, yaani dinosaria, aliyechimbwa Tendaguru, mkoani Lindi. Kimo chake kinazidi mita 13, na aliishi takriban miaka milioni 150 iliyopita. Wataalamu humwita Giraffatitan brancai. Si mifupa yote unayoiona ni ya mnyama mmoja, na pingili za shingo ni za kuigiza, kwa kuwa zile halisi ni nzito mno kuning'inizwa juu kiasi kile. Hata hivyo, nilipoinua macho kufuata shingo ile sikuwa na la kusema.

Niliyatafuta zaidi majina ya waliomchimba. Kati ya mwaka 1909 na 1913, chini ya wataalamu wa Kijerumani Werner Janensch, Edwin Hennig na wenzao, mamia ya watu wa Lindi walichimbua mifupa, wakaifunga kwa udongo, plasta na mianzi, kisha wapagazi wakaibeba vichwani na mabegani kwa mwendo wa siku kadhaa hadi bandarini. Jumla ya shehena ilizidi tani 200. Nchi ile ilikuwa ndiyo kwanza imetoka katika Vita vya Majimaji na njaa iliyofuata, na kwa maoni yangu haiwezekani kuieleza kazi ile kwa haki bila kutaja hali hiyo ya watu waliofiwa, waliotawaliwa kwa nguvu na waliohitaji ujira.

Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, fundi ambaye jicho lake katika kutambua na kuhifadhi mifupa liliwasaidia sana wataalamu wale. Ilipofika mwaka 2007, aina nyingine ya mjusi wa Tendaguru ilipewa jina lake, Australodocus bohetii.

Bawa la mashariki la jumba hilo lilibomolewa kwa mabomu mwaka 1945, likabaki gofu kwa miongo kadhaa, na leo limejengwa upya ili kuhifadhi samaki na wanyama wengine ndani ya chupa za spiriti. Ni sehemu nzuri kuitazama, ingawa mimi nilirudi upesi kwenye ukumbi wa kati.

Suala la kumrudisha mjusi limejadiliwa hata bungeni kwetu. Mimi ninaamini kwamba, popote atakapokaa, wanafunzi wa Lindi wanastahili kumwona, na jina la Boheti linastahili kuandikwa kwa herufi kubwa sawa na za Janensch.