Sehemu ya 119 na ya 120

Juzi binti wa dada yangu kanisogezea simu mpaka karibu na pua. "Mjomba, hizi nyekundu niruke?"

Ameanza Naruto, katuni ya Kijapani ya kijana ninja, wiki mbili zilizopita, yuko sehemu ya tisini na kitu, na kapata mahali orodha ya sehemu zote 220. Kila moja ina rangi yake. Kijani imetoka kwenye manga, yaani hadithi ya michoro ya jaridani, nyekundu ni ya kujazia, imetungwa na studio. Kuanzia ya 136 mpaka mwisho ni nyekundu tupu, kama mkrismasi wa Desemba.

Nikamwambia asubiri kwanza. Sababu sikumpa, maana ingebidi nianze na duka langu la Tandika, nilikokuwa nawajazia watu katuni kwenye flashi. 

Mwaka 2010 tatizo letu kubwa pale dukani lilikuwa nafasi. Sehemu moja ya katuni, zile faili za video za AVI za kawaida, ilikuwa na uzito wa MB 175. Flashi ya GB 4 ukiichomeka inakuonyesha 3.7, kwa hiyo zinaingia 21, ya 22 inagoma. Naruto yote inataka flashi kumi na moja. Mteja anayo moja, na anataka aondoke na kitu kinachoeleweka. Hapo ndipo mtu anapogeuka mkata nguo. Kutoka ya 136 hadi ya 220 ni sehemu 85, sawa na flashi nne na zaidi, na zikiondoka zote, Naruto hapungukiwi na chochote anachokijua wala anachokiweza. Nikazitoa kwenye diski. Mteja akimaliza ya 135 anaingia moja kwa moja Shippuden ya kwanza, ule mwendelezo wa Naruto, na hakuna aliyewahi kurudi kudai chake.

Sababu ya zile 85 kuwepo ni hesabu tu. Manga ilitoka kwenye jarida la kila wiki, sura moja, kurasa zisizofika ishirini. Sehemu ya katuni ina dakika ishirini na kitu, na hata ukitoa wimbo wa kufungulia na wa kufungia, inameza sura mbili bila kutafuna. Mchoraji analima kwa jembe, studio inavuna kwa trekta. Mwaka 2005 katuni ilimaliza pambano la Naruto na Sasuke, rafiki yake anayekihama kijiji, pale Bonde la Mwisho, ikawa imefika sura ya 238, wakati huohuo Kishimoto, mchoraji wa manga, ana miezi michache tu tangu aanze awamu ya pili, kuanzia sura ya 245. Wangeendelea kwa mwendo ule, wangemfikia muda si mrefu. Kusimamisha kipindi hawakutaka, kwa hiyo wakajazia mpaka Februari 2007, zaidi ya mwaka mmoja na nusu.

Na kijazio kina sheria zake ngumu. Aliyekiandika hawezi kuua mtu wa maana, hawezi kumfundisha mtu mbinu itakayobaki, hawezi kuwagombanisha wala kuwaoza, kwa sababu Jumatatu jarida linatoka na manga inaweza kumsuta. Kila hadithi lazima irudi ilipoanzia. Ndiyo maana wanatumwa kumsindikiza fulani, wanatumwa kumtafuta mdudu fulani, adui anatokea na kisa chake cha utotoni, anapigwa, wanarudi kijijini wanakula rameni. Kibaya zaidi kwa Naruto ni mahali vilipowekwa. Sasuke ameshaondoka, Naruto amelazwa hospitali, mwalimu wake Jiraiya amekuja kumwambia wakafanye mazoezi ya miaka, kijana amekubali. Halafu haondoki. Kila wiki anafunga mizigo na kuifungua. Anakuja kuondoka kweli sehemu ya 220.

Hesabu ya juu sasa irudieni kidogo. 238, halafu 245. Katikati kuna sura sita ambazo sikuzitaja, na mwaka ule sikujua kama zipo.

Nilipomaliza Naruto nikahamia Shippuden na mkasi uleule. Mkasi wangu ulikuwa na kanuni moja tu, kwamba kinachokatiza kisa kinatoka. Nikafika ya 118. Sasuke ameshamaliza kazi yake na Orochimaru, yule mwovu aliyemfuata, amekusanya kundi lake, wako njiani, moto umewaka. Nafungua ya 119, naona jina la Kakashi, mwalimu wa kina Naruto, kwenye kichwa, naona Kakashi mtoto, naona watu nisiowajua wanakimbia msituni. Ya 120 hivyohivyo. Nafungua ya 121, Sasuke yupo, safari inaendelea. Nikazifuta zote mbili bila kuzitazama. MB 350. Nilijiona fundi.

Ilipofika mwishoni mwa 2013 sehemu mpya ilikuwa inafika dukani siku chache tu baada ya kutoka Japani, na tulishaongeza mabenchi matatu nyuma na tivi ya inchi 21. Maandishi yalikuwa ya Kiingereza, yanapita haraka, kwa hiyo mimi nilikaa kwenye stuli pembeni ya tivi, nasoma na kuwatafsiria. Si kwa sauti za kuigiza kama wale wa filamu za Kihindi. Nilisoma tu, tena kwa kukimbizana.

Wakati huo gumzo lilikuwa moja, Tobi ni nani? Yule adui tuliyemjua kwa kinyago cha rangi ya machungwa, chenye tundu moja, kabla hajavaa kingine vitani. Miaka alijiita Madara, ninja wa zamani aliyedhaniwa yu hai, na tulishamwamini, halafu Madara mwenyewe akafufuliwa vitani, tukabaki tunatazamana. Dau likawekwa, soda. Mmoja alisema ni mdogo wake Madara. Mwingine alisema ni Kakashi kutoka siku zijazo, akazomewa, lakini hakubadili. Mimi sikuweka dau kwa sababu mwenye duka hachezi, ila moyoni nilikuwa na mtu wangu.

Ile jioni ilikuwa sehemu ya 343. Kinyago kinapasuka, na wanakipasua polepole, kipande kwa kipande, kama wanaomenya yai. Benchi la mbele wamesimama, la nyuma wanawapigia kelele wakae. Uso unatoka. Ni mtu mzima, nywele fupi nyeusi, upande wake wa kulia umejaa mikunjo kama nguo iliyokamuliwa na kuachwa ikauke hivyohivyo. Anamtazama Kakashi. Kakashi amepigwa na butwaa, na pale dukani pia kimya, kila mtu anangoja mshituko umfikie. Kakashi anatamka jina. Nami nikalisoma, kama kazi yangu ilivyonitaka:

"Obito."

Kimya kikaendelea. Nikasikia feni. Halafu dogo mmoja wa benchi la mbele akanigeukia, siyo kwa ubishi, kwa adabu kabisa.

"Kaka, Obito ndiyo nani?"

Sehemu yenyewe kwa Kiingereza inaitwa Wewe Ni Nani. Nilikuwa nimekisoma hicho kichwa kwa sauti dakika kadhaa kabla.

Nikabonyeza kusimamisha. Nilikuwa na la kusema? Nilijua Kakashi aliwahi kuwa na mwenzake aliyekufa, kwamba jicho lake la kushoto linahusika, kwamba husimama mbele ya jiwe la kumbukumbu na kuchelewa kila mahali. Vipande. Nikaanza kuviunga, nikaona navuta muda, na nyuso zao zikaona hivyo pia.

Aliyeniokoa, kama ni kuokoa, ni kijana aliyekuwa amekaa mwisho kabisa ukutani, mgeni, amekuja likizo kwa shangazi yake. "Si yule aliyempa Kakashi jicho! Kule darajani!" Daraja gani? Akasimama, akaipa tivi mgongo, akaanza. Kakashi ndiyo kwanza amepandishwa cheo, Obito hamletei chochote, mwenzao Rin anampa zawadi, wanatumwa kwenda kuvunja daraja la Kannabi ili adui akose chakula na silaha. Rin anatekwa. Kakashi anasema kazi kwanza. Obito anamwambia anayevunja sheria ni takataka, ila anayemwacha mwenzake ni zaidi ya takataka. Hapo benchi zima likaguna, maana maneno hayo wanayajua tangu mwanzo wa Naruto, Kakashi aliwaambia wale wanafunzi wake watatu siku ya jaribio la kengele, na wote tulidhani ni yake.

Halafu akafanya kitu ambacho mpaka leo nakiona. Akafunika upande wa kulia wa mwili wake kwa mkono, toka bega mpaka kiunoni. "Jiwe limemwangukia hivi. Huku kote kumekwisha." Akagusa jicho lake la kushoto. "Hili anampa Kakashi." Akahamisha kidole taratibu mpaka jicho la kulia. "Hili anabaki nalo." Akageuka na kuonyesha kioo cha tivi, nilipokuwa nimesimamisha, vipande vya kinyago bado viko hewani. Tundu la kile kinyago cha machungwa lilikuwa upande wa jicho la kulia. Siku zote. Jicho moja kwa huyu, moja kwa yule, miaka yote hiyo mbele ya macho yetu.

Kelele zilizofuata sizisimulii. Mshituko ulikuja, ila ulikuja kwa mdomo wa mgeni, baada ya picha kusimama, na haukuwa ule walioulipia.

"Kaka," yule dogo tena, "mbona kwako haimo?"

Nikasema faili lilikuja bovu.

Wiki iliyofuata nikazipata na kuzitazama usiku, peke yangu, duka limefungwa. Ni sura zilezile sita, 239 hadi 244. Kishimoto aliziandika mwenyewe kuwa kiungo kati ya awamu mbili, msomaji wa jarida akazipata mahali pake hasa. Hadithi kubwa imetulia, Naruto ameondoka, hakuna moto unaokatizwa, unakaa chini na kusikiliza kisa cha daraja. Studio ilizichukua ikaziweka kabatini miaka minne, pale pake ikapajaza vile 85, halafu mwaka 2009 ikaja kuzichomeka katikati ya safari ya Sasuke, ambapo mtu yeyote mwenye mkasi angeziona za kujazia. Hilo najiambia mimi. Mwenye mkasi mwingine labda angetazama kwanza.

Tangu hapo nimekuwa mgumu kukubali ile kauli kwamba visa vya pembeni vinaua katuni. Vinaua, ndiyo. Kwenye katuni ya Bleach, kapteni Aizen amewasaliti wote na kupaa angani sehemu ya 62, roho ziko juu, halafu kuanzia ya 64 wanaletwa wale Bount, maadui wa kujazia, na Aizen anasubirishwa mpaka imepita ya 100. Hiyo siitetei. Lakini One Piece, katuni ya maharamia, wana kisa cha G-8, sehemu ya 196 hadi 206, hakimo kwenye manga hata kidogo, na ukiniambia nikifute nakuondolea flashi. Tazama kilivyojengwa. Wanatoka kisiwa cha angani, wanashuka na merikebu yao ikiwa imening'inizwa na pweza aliyejaa hewa kama puto, na badala ya kutua baharini wanatua katikati ya ngome ya wanamaji. Yaani kimeanzia palepale manga ilipowaacha. Halafu hakuna adui mpya mwenye nguvu za kutisha. Kuna mkuu wa ngome mpenda kuvua samaki, anayefikiri kabla ya kufyatua. Kila mmoja anajificha kwa ufundi wake, Sanji mpishi anaishia jikoni, Chopper daktari anaishia zahanati. Hakuna anayejifunza mbinu mpya, sheria yote ya kijazio imefuatwa, lakini ukimaliza unawajua zaidi. Na wanatoroka kwa pweza yuleyule.

Siku hizi wanakwepa balaa hili kwa misimu mifupi. Wanasubiri manga itangulie ndipo warudi. Hata hivyo mahali pa kuweka kiungo bado panawashinda. Katuni ya Demon Slayer walitoa filamu ya treni mwaka 2020, ambamo shujaa Rengoku anakufa, mwaka uliofuata wakaikata kuwa sehemu saba za runinga, ya kwanza ikiwa mpya kabisa, inayomwonyesha Rengoku kabla hajapanda treni. Nzuri sana. Ila aliyekwenda sinema alishamlilia Rengoku mwaka mzima uliopita, ndipo analetewa siku yake moja ya kawaida. Sijui kama hilo limeongeza au limepunguza. Kwangu liliuma upya, na sina hakika kama kuuma upya ndiko kutazama vizuri.

Basi binti alikuwa bado anangoja. Nikachukua simu yake, nikashuka mpaka Shippuden, ya 119 na ya 120. Kijani, zote mbili. Orodha yake ina akili kuliko niliyokuwa nayo 2010, nikaona aibu kidogo mbele ya simu.

Nikapanda tena juu mpaka ya 101. Nyekundu. Ndiyo ile Naruto, Sakura na Sasuke wanahangaika siku nzima waone kilicho nyuma ya barakoa ya Kakashi, wanamnunulia mpaka rameni.

"Hii usiruke."

"Lakini Mjomba, imeandikwa ruka."

"Najua ilivyoandikwa."

Akaniangalia, akaangalia orodha. "Ina nini ya muhimu?"

Nikafikiri. Hakuna anayekufa, hakuna anayejifunza kitu, na mwisho wake chini ya barakoa kuna barakoa nyingine.

"Haina," nikamwambia. "We itazame tu."

Kaenda chumbani na simu yake. Sijamuuliza alifanyaje.