Chumba cha Yaya Anfisa

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Neno la wiki hii ni Yeremia 29:4–11.

Aya ya 11, ile ya "mawazo ya amani", wengi tunaijua kwa moyo, hadi kwenye kadi za harusi tunaiweka. Ya 10 tunaipita mbio, maana ndiyo yenye miaka 70 ya uhamisho. Watu wa Yuda walikuwa Babeli, mioyo ikiwa Yerusalemu, nao wakaambiwa wajenge nyumba wakae, wapande bustani, waoe wazae, na wauombee amani mji ule ule wa uhamishoni.

Nikawakumbuka dada watatu katika tamthilia ya mwandishi Mrusi Anton Chekhov, iliyoonyeshwa Moscow mara ya kwanza mwaka 1901. Olga, Masha na Irina ni mabinti wa jenerali. Baba aliwahamisha kutoka Moscow miaka 11 nyuma, akafia huko mkoani, na wimbo wao umekuwa mmoja: turudi Moscow. Kaka yao Andrei, aliyetarajiwa kuwa profesa, anaishia halmashauri, anacheza kamari, na nyumba ya urithi anaiweka rehani bila kuwauliza. Moscow harudi mtu.

Mimi jicho langu liko kwa Anfisa, yaya wao, bibi wa miaka 80 na ushee, mwenye miaka 30 katika nyumba ile. Usiku mji unaungua, Olga anatoa nguo kabatini wapewe walioteketezewa, na bibi amechoka hoi. Olga anamkalisha. Anaingia Natasha, mke wa Andrei, anamkuta kwenye kiti: "Usithubutu kukaa mbele yangu! Simama! Toka hapa!" Kisha anamgeukia wifi yake: huyu wa nini tena, kazi haiwezi, si arudi kijijini kwao? Olga anakunywa maji. Macho yameingia kiza.

Na kama kuna mtu aliyepata alichokitaka mle ndani, ni huyo huyo Natasha, anayeitwaa nyumba chumba kimoja baada ya kingine.

Olga hakutaka kuwa mkuu wa shule. Akawa, na mwenyewe anakiri kwamba basi, Moscow ndiyo haipo tena. Lakini cheo kilikuja na nyumba ya serikali pale shuleni, akahamia na yaya wake. Sehemu ya mwisho tunamsikia bibi akishukuru: ana chumba chake, ana kitanda chake, akiamka usiku anamtaja Bwana na Mama wa Mungu, kwamba hakuna mwenye raha kumzidi.

Chekhov hahubiri. Hasemi kwamba Mungu alimfungia Olga njia ili bibi apate pa kulala, nami sithubutu kulisema. Miaka 70 ya Babeli nayo haikufupishwa.

Kwenye ibada ya nyumbani wiki hii anzeni aya ya 4, msirukie ya 11. Kila mmoja ataje kilichokwama: chuo, ndoa, mtoto, kiwanja. Kisha muwaombee wazee mnaokaa nao, na dada wa kazi pia, kwa majina yao.