Tulivyosimama Mountain Pass

Basi hii safari wala sikuipanga. Agosti 2025 nilikuwa Las Vegas kwa shemeji, jamaa ni dereva wa malori, siku yake ya mapumziko akasema twende Los Angeles na gari ndogo, njiani nikuoneshe mgodi wa madini adimu, yale ya kutengenezea sumaku kali, ambao serikali yao imeenda kununua hisa. Nikacheka, Marekani hii hii ya soko huria?

Tukashika barabara kuu ya I-15. Ukivuka Primm tu umeshaingia California na mbele ni bonde la Ivanpah, kavu na jeupe, kulia ile minara mitatu ya umeme wa jua, AC imefunguliwa mpaka mwisho na bado jasho linatoka. Halafu mlima unaanza, malori yanajivuta, na ukifika juu ndo Mountain Pass.

Kusema ukweli nilitegemea kitu kikubwa zaidi. Majengo ya mabati, matangi, mabomba, vilima vya udongo, geti. Shimo lenyewe hulioni ukiwa barabarani. Tukatokea Bailey Road tukasimama kando tunachungulia kama watoto nje ya ukumbi wa harusi.

"Shemeji, hapa walikuja 1949 wanatafuta urani," nikamwambia, maana nilikuwa nimesoma soma. Vipima mionzi vikalia, kumbe wamekuta madini adimu. Miaka ya 60 rangi nyekundu ya TV ilitegemea europiamu, mojawapo ya madini hayo, ya humu humu. Baadaye bei za China zikawa za chini, mabomba ya maji machafu nayo yakawa yamevuja jangwani, 2002 wakasimamisha uchimbaji, waliokuja kufufua wakafilisika 2015, wenyewe wa sasa, MP Materials, wakaununua 2017.

Sasa hapa ndo nilikuwa sielewi. Mgodi ulirudi kazini, lakini miaka yote hiyo wanachimba, wanasaga, wanapata yale makinikia, mchanga wenye madini ambao haujasafishwa (Watanzania hili neno tulilishiba 2017), wanayapakia melini yanaenda China kusafishwa! Mpaka Aprili 2025 ushuru wa kulipizana kati ya Marekani na China ulipofika juu ndo wakaacha kupeleka. Kuchimba si kazi ngumu kihivyo. Kazi ni kuyatenganisha, haya madini kikemia ni kama mapacha, unayapitisha kwenye tangi moja baada ya jingine, mamia ya hatua, na China ndo inasafisha karibu asilimia 90 ya dunia nzima. Siku ikibana mnabanwa wote, Mei ile kiwanda cha Ford Chicago kilisimama wiki nzima kwa kukosa sumaku.

Shemeji akauliza, "Si wajenge tu viwanda?" Nikamwambia wakijenga, bei inashuka, mwekezaji anakimbia, ndo yaliyowakuta wa mwanzo. Kwa hiyo Julai 2025 wizara ya ulinzi ikaweka dola milioni 400 kwenye hisa, na ikaahidi bei ya chini kabisa, dola 110 kwa kilo ya neodimiamu na praseodimiamu, yale madini adimu ya sumaku, kwa miaka 10, soko likiwa chini ya hapo serikali inajazia. Mimi naona hiyo bei ndo mkakati wenyewe, ile orodha yao ya madini muhimu iliyokuwa na 35 mwaka 2018 ikafika 50 mwaka 2022 ni karatasi tu, karatasi haisafishi kitu.

Sumaku zenyewe wanatengeneza Fort Worth, Texas. Ila kuna shida moja, mwamba wa hapa umejaa yale madini adimu mepesi kama neodimiamu, ila yale mazito, disprosiamu na tabiamu, zinazofanya sumaku ivumilie joto, zimo kiduchu sana.

"Sasa hayo mazito watatoa wapi?"

"Mengi ya dunia yanachimbwa Myanmar na kusini mwa China, shemeji."

Akaangalia lile geti, akaangalia saa, akawasha gari. "Twende, foleni ya Los Angeles haina shemeji."