Mabegi Chini ya Kitanda

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki iliyopita niliumwa. Jumanne nilitoka kazini Mtumba, hapa Dodoma, homa imeshapanda, nikasimama njia nzima mpaka mjini maana siti hakuna, nikaunganisha gari jingine la Nkuhungu, nikafika kwangu na kujitupa kitandani na viatu vyangu. Kesho yake sikuamka. Kwenye saa nne nikasikia wapangaji wenzangu wanaulizana nje, kwenye kamba ya nguo:

"Yule binti wa chumba cha kona leo hajaenda kazini?"

"Yupi? Yule wa hedifoni?"

Miaka mitatu ninaishi nyumba ile. Natoka saa kumi na moja alfajiri, narudi usiku, hedifoni masikioni, nasikiliza mahubiri. Mahubiri, wapendwa!

Aliyebisha hodi ni mama wa chumba cha pili, mama wa Kigogo anayeuza mlenda mkavu sokoni. Alinikuta natetemeka, akaacha biashara yake, akanipakia kwenye bajaji hadi zahanati. Nimekaa pale kwenye benchi, kichwa begani kwake, akaniinamia na kuninong'oneza: "Mwanangu, unisamehe, jina lako nani? Pale dirishani wameniuliza, sikuwa na la kuwaambia."

Malaria imeisha. Lile swali bado ninalo.

Nilipokuwa kitandani nikarudi kwenye Yeremia 29. Sote tunaujua mstari wa 11, tunauweka kwenye "status" kila mwaka mpya ukiingia. Ila Bwana alinishika kwenye sura iliyotangulia, kwa Hanania, yule nabii wa uongo. Hanania aliwaambia watu kwamba miaka miwili haitaisha kabla mateka hawajarudi Yerusalemu na vyombo vya hekalu. Yeremia akajibu "Amina", Bwana na afanye hivyo! Hata yeye alitamani iwe kweli. Kisha ikaja barua ya Yeremia kwa mateka walioko Babeli: jengeni nyumba mkae ndani yake, pandeni bustani, mkautakie mji ule amani, mkauombee. Miaka 70.

Mimi nilikuwa na Hanania wangu. Nilipomaliza chuo hapahapa Dodoma 2022 nilijiambia: miaka miwili tu, nipate uzoefu, nihamie Dar. Kwa hiyo sikununua kitanda hadi mwaka wa pili. Mabegi mawili bado yako chini yake, hayajafunguliwa. Barua yangu ya uhamisho iko kwenye usharika wa nyumbani, hapa nasali leo kanisa hili, Jumapili ijayo lile, na mvua ikinyesha nasali kwenye simu. Mwaka uleule wa 2022 sensa ilihesabu watu 765,179 katika Jiji la Dodoma, nami nimo. Karani alinihesabu. Mimi mwenyewe sikuwa nimejihesabu.

Najua siko peke yangu. Tangu treni ya SGR ianze safari za Dar na Dodoma 2024, vijana wenzangu wengi Ijumaa jioni wako stesheni na mabegi, Jumapili usiku wanarejea kulala. Kwenda kuwasalimia wazazi si dhambi. Lakini ndugu yangu, mji unaokupa mshahara umeuombea lini? Unalalamika vumbi, unalalamika mgao wa maji, unalalamika daladala; umemtaja Mungu juu ya hayo hata mara moja? Yule konda unayemfokea alfajiri kwa sababu ya chenji, umewahi kumsalimu kwanza? Unafunga na kuomba Bwana akufungulie mlango wa Dar, na mlango wa jirani uko hatua nne kutoka kwako, hujawahi kuubisha. Hata jumuiya ya Jumamosi asubuhi, wazee wetu wanakaa wanne kwenye mkeka wanaimba peke yao, na sisi wasomi tumelala kwa kuwa "wiki ilikuwa nzito". Nasema sisi, maana na mimi nilikuwa nimelala.

Halafu tunasema mji huu hauna upendo! Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulitoka 1973, serikali ikaanza kuja kwelikweli 2016. Dodoma inajua kusubiri watu. Inatusubiri na sisi.

Maombi ni jambo kubwa, nalo lina siku yake. Leo nasema tu kwamba nimeanza kuomba nikiwa ndani ya gari, macho wazi, hedifoni mfukoni. Namwombea dereva. Namwombea mama mwenye beseni aliyenikalia mguu. Alhamisi binti mmoja wa sekondari alisinzia begani kwangu kutoka Nanenane hadi Ihumwa, nikaona haya kumwamsha, nikamwombea mitihani yake.

Barua ya uhamisho nimeiomba kwa mzee wa kanisa wa nyumbani, italetwa na basi Jumatatu. Na jana mama mlenda, ambaye sasa ananiita kwa jina, na kwa sauti kubwa mno, aliniletea kipande cha mti wa mzabibu kutoka shamba la dada yake. Nimekipanda kwenye ndoo ya rangi pale mlangoni, nakimwagilia maji niliyooshea vyombo. Nilimuuliza kitazaa lini. Akasema zaidi ya mwaka, nikikitunza.

Mkataba wangu wa kazi unaisha Desemba.