Wittenberg, mbele ya madhabahu ya Cranach

Treni ya kasi kutoka Berlin ilinishusha Wittenberg kabla sijamaliza kusoma Ungamo la Augsburg, tamko la imani la Walutheri la mwaka 1530, nililobeba begini. Kutoka stesheni nilishika njia ya mji wa kale, nikaipita nyumba ya Martin Luther, aliyeanzisha matengenezo ya Kanisa, kisha ya Melanchthon, mwenzake aliyeliandika Ungamo hilo, nikanyoosha hadi Kanisa la Kasri upande wa magharibi.

Watu walikuwa wamejaa mlangoni. Mlango wa mbao, ambao inasemekana Luther aligongomea hoja zake 95 dhidi ya uuzaji wa vyeti vya msamaha tarehe 31 Oktoba 1517, uliteketea mwaka 1760. Uliopo sasa ni wa shaba, uliwekwa mwaka 1858, nazo hoja 95 zimeandikwa juu yake kwa Kilatini. Wengi walipiga picha wakaondoka. Mimi niliitafuta hoja ya kwanza, inayosema kwamba Kristo alipotuita tutubu alitaka maisha yote ya mwamini yawe toba. Ndani nilisimama kidogo kwenye kaburi la Luther, karibu na mimbari, nikatoka.

Nilichokifuata hasa kilikuwa katika Kanisa la Mtakatifu Maria, kanisa la mjini, ambako Johannes Bugenhagen alikuwa mchungaji wa usharika na Luther akiungama kwake. Madhabahu yake yenye picha, kazi ya wachoraji akina Cranach, baba na mwana, iliwekwa mwaka 1547, mwaka mmoja baada ya Luther kufariki.

Chini kabisa Luther yuko mimbarini, mkono mmoja juu ya Biblia, mwingine ukimwonyesha Kristo msalabani, aliye katikati yake na washarika. Hakuna pambo lolote nyuma yao, ukuta mtupu. Juu, kushoto, Melanchthon anabatiza mtoto mchanga, ingawa hakuwahi kubarikiwa kuwa mchungaji. Katikati ni Meza ya Bwana, na Luther mwenyewe, mwenye ndevu, yumo miongoni mwa mitume akishika kikombe. Kabla ya matengenezo, kikombe hicho kilikuwa kimenyimwa washarika kwa muda mrefu, wakipewa mkate tu.

Nilidumu zaidi kwenye picha ya kulia. Bugenhagen ameshika funguo mbili, ishara ya mamlaka ya kuondolea dhambi na kuzifungia. Mmoja ameuweka juu ya kichwa cha mtu aliyepiga magoti. Upande wa pili mwingine anaondoka, mikono imefungwa, kwa sababu hakutaka kutubu. Basi kuungama kumewekwa bega kwa bega na Ubatizo na Ushirika, palepale washarika wanapotazama kila Jumapili! Ibara ya 11 ya Ungamo inasema wazi kwamba ondoleo la dhambi la faragha lidumishwe, bila kumlazimisha mtu kuhesabu kila kosa. Na sisi tunaojiita Walutheri tumeliacha, tunatosheka na ungamo la pamoja mwanzoni mwa ibada, kana kwamba dhamiri inayomshtaki mtu usiku haihitaji kusikia msamaha ukitamkwa kwake yeye.

Katika Katekisimu Ndogo, kitabu cha Luther cha mafundisho ya imani, mchungaji humuuliza anayeungama: je, unaamini kwamba msamaha wangu ni msamaha wa Mungu? Nililisoma swali hilo pale bencini, nikainua macho kwa yule aliyepiga magoti. Mtu huyo hampi Bugenhagen chochote. Amekuja mikono mitupu, na ufunguo uko kichwani pake.

Jioni, nikisubiri treni, nilimpigia mchungaji wangu nikamwomba nafasi ya kuungama kabla ya Jumapili ya Ushirika. Akasema nije Alhamisi.