Tulivyotoka Wesha kwenda kurambaza

Mpango ulikuwa tutoke Wesha, bandari ya Chake Chake huku Pemba, twende kurambaza, yaani kuvua kwa mishipi inayoburuzwa nyuma ya boti. Tungetoka na maji ya alfajiri, bamvua la mwezi mpevu, maji yanapojaa na kupwa kuliko siku nyingine. Bamvua likikaza, bahari yetu hupanda na kushuka karibu mita 4. Maji hujaa kiasi cha saa kumi alfajiri na hupwa saa nne asubuhi. Ukiwahi pale yanapoanza kushuka, yanakutoa yenyewe kwenye mikoko mpaka nje, na jua likichomoza kisiwa cha Misali umeshakikaribia. Ukichelewa, boti inakaa juu ya tope nawe unawatazama wenzako wakipotea upande wa magharibi.

Ami yangu anavulia boti ya mbao yenye mashine ya farasi 15. Usiku ule petroli ilikuwa imeshapakiwa, barafu imo kwenye deli, ndoana zimefungwa waya maana meno ya nguru hayaachi uzi. Mimi nilishika tochi. Ami akavuta kamba, mashine ikawaka vizuri tu. Lakini hakuondoa boti. Aliinama nyuma, akakinga kiganja pale panaporuka maji ya kupozea, akangoja. Kiganja kikabaki kikavu. Akazima.

"Haitoi maji. Leo hatwendi."

Mwanawe, ambaye ndiye baharia wake, akasema, "Baba, si twende mdogo mdogo? Tukifika Misali tuipumzishe."

"Ikichemka tukiwa mkondoni, utaipumzisha wapi?"

Mkondo wenyewe ni huo wa Pemba, baina ya kisiwa na bara ya Tanga, upana wa kilomita kama 50, na katikati kina chake kinafika mita 800. Nanga ya mvuvi haina kazi pale. Maji hukimbilia kaskazini, na kusi likivuma hukimbia zaidi, kwa hiyo boti iliyozimikiwa mashine inakwenda inakopelekwa. Na watu wa Pemba wana kumbukumbu zao na bahari. Alfajiri ya tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander ilizama ikija huku kutoka Unguja, na mpaka leo ukikaa barazani, Chake au Wete, hukosi aliyefiwa na ndugu au jirani. Ndiyo maana neno la ami halikupingwa tena. Tulishusha barafu, tukarudi nyumbani, na moyoni nilimheshimu kuliko siku zote nilizomwona akirudi na samaki.

Kumpata fundi kukawa kazi nyingine. Ilikuwa Oktoba, msimu wa karafuu, na Pemba msimu huo kila mwenye mikono yuko shamba. Barabara nzima majamvi yameanikwa, harufu inakuingia mpaka kwenye nguo. Karafuu haingoji. Ikichanua kabla ya kuchumwa, thamani imeshuka. Kwa hiyo fundi wa mashine naye alikuwa juu ya mkarafuu, na haikuwa haki kumlaumu. Alikuja jioni, vidole vimeganda utomvu, akanawa kwa sabuni ya unga, akatandika gunia chini ya mwembe na kuifungua mashine miguu yake.

Hapo ndipo nilipojifunza jambo. Maji ya kupozea yanavutwa na kijigurudumu cha mpira chenye mabawa, kinaitwa impela, kiko chini karibu na rafadha. Cha ami kilikuwa kimebaki na mabawa matatu kati ya sita. Nikadhani kazi imekwisha: tununue kingine, tufunge. Fundi akatikisa kichwa. Yale mabawa matatu yaliyokatika yako wapi? Yakibaki kwenye njia ya maji, impela mpya itasukuma na maji hayatapita, na mashine itaungua vilevile. Basi akaanza kuyatafuta. La kwanza lilikuwa palepale ndani ya pampu. La pili alilichokoa na waya. Kila kipande alikipanga juu ya gunia pembeni mwa impela ya zamani, akikizungusha mpaka kikae sawasawa na kovu lake, ahakikishe hakuna kijisehemu kilichobaki. La tatu halikuonekana mpaka magharibi ilipokaribia. Alipuliza bomba la maji kwa mdomo, mashavu yamemvimba, na likaruka likaanguka kwenye mchanga mbele ya watoto waliokuwa wakitazama. Wakapiga makofi, nami nikapiga nao.

Impela mpya Chake haikupatikana. Ikaagizwa Unguja, ikapanda boti ya abiria mpaka Mkoani, ikaletwa na daladala ndani ya bahasha. Ilipofungwa, mashine ikatoa maji safi kabisa. Alfajiri yake tukapakia upya. Ikawaka, ikakohoa, ikazima. Ikawaka tena, ikazima. Ami akafungua plagi, akazikuta zimelowa. Akamimina mafuta kidogo kwenye chupa nyeupe ya maji ya kunywa, akaiweka juu ya ukingo wa boti, akasema tuiache itulie. Baada ya muda yakajigawa: petroli juu, na chini yake utando mweupe wa maji upana wa kidole. Tulikuwa tumeuziwa petroli yenye maji. Iliniuma sana. Anayetia maji kwenye petroli, au anayeacha madumu yake wazi mvuani, anauza hatari kwa watu ambao hatawaona wakizimikiwa mashine.

Tukamwaga, tukasafisha tangi na kabureta, tukanunua kwingine na kuchuja kwa kitambaa kizito. Safari hii ami alichanganya mwenyewe, nusu lita ya oili kwa lita 25.

Maji nayo yalikuwa hayakutungoja. Kila siku hujaa nyuma ya jana kwa dakika kama 50, na kufikia hapo kujaa kulikuwa kumesogea mpaka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Tukatoka jua limeshachomoza. Ami akasoma Fatiha, tukaitikia amina, mwanawe akaisukuma boti kwa upondo kwenye maji membamba ya mikoko, mashine imeinuliwa. Tulipofika penye kina ikashushwa. Bismillahi. Ikashika kwa mvuto wa kwanza, na mshazari wa maji ukaruka nyuma yetu. Ami aliukinga kwa kiganja muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akajipangusa usoni.

Misali tuliipita kwa kaskazini, mbali na ile sehemu ya hifadhi isiyovuliwa. Wazee husimulia kwamba Nabii Hidhri alisali pale, akakosa mswala, na kisiwa chenyewe kikawa mswala wake. Wavuvi wengi wanakiheshimu kwa hilo kabla hata ya sheria. Nje kidogo ya kisiwa rangi ya maji inabadilika ghafla, kijani kinakatika na bluu nzito inaanza. Hapo ami akapunguza mwendo. Tukavisha vibua kwenye ndoana, tukaachia mishipi, tukaanza kurambaza tukiufuata ule ukingo. Nilivaa kidoleni kipande cha mpira wa baiskeli alichonipa mwana wa ami, uzi usinichane.

Sehewa wawili walikuja mapema. Kisha mshipi wangu ukanyakuliwa kwa nguvu iliyonivuta mpaka magoti yakagonga ubao.

"Mwachie! Mwachie aende!" ami alipiga kelele. "Akichoka ndiyo uvute!"

Nikamwachia, nikavuta, nikamwachia tena. Alipofika ubavuni tukamwona mistari yake, nguru mrefu kama mkono mzima na bega lake. Mwana wa ami akampiga ganzo, akamwingiza ndani. Ami alikuwa ameshageuza usukani.

"Tia chambo upesi, mwanangu. Hawatembei peke yao hawa."