Kumbukumbu ya mradi: buabua na shakwe wa Bagamoyo, kaskazi mpaka kusi

Ninachotafuta ni mfululizo wa picha za buabua wa kishungi, ndege wa baharini wanaojirusha majini kuvua samaki, tangu kaskazi inapoanza kuvuma mpaka wao wanapoondoka. Ziwe picha za ubavuni, mdomo, paji na utosi vikionekana vizuri, ili mtu akizipanga aone weusi wa kichwani unavyorudi mwezi baada ya mwezi. Shakwe nawapiga pia, lakini uzito wa kazi uko kwa buabua.

Desemba

Kwenye fungu la mchanga lililo baharini mbele ya mji wanasimama buabua wa kishungi wa aina mbili. Mkubwa, *Thalasseus bergii*, ana mdomo wa manjano unaoelekea ukijani, na mgongo wa kijivu kilichoiva. Mdogo wake, *Thalasseus bengalensis*, mdomo wake ni rangi ya chungwa na mgongo umepauka zaidi. Kwa mbali jua likiwa kali, manjano na chungwa huchanganyika machoni, kwa hiyo nasubiri wasimame bega kwa bega. Hapo ukubwa unamaliza ubishi. Mwezi huu wote wana mapaji meupe, weusi umebaki kisogoni tu.

Kuna na wale wadogo kabisa, buabua wa Saunders na ndugu yake anayefanana naye mno. Wakiwa nje ya msimu wa kutaga siwatenganishi kwa picha. Nawaandika pamoja.

Januari

Mwezi huu nimeelewa fungu, na hili ndilo jambo kubwa la mradi mpaka sasa.

Ufukwe wa Bagamoyo unatazama mashariki. Asubuhi jua linatoka baharini, na ndege aliye upande wa maji anatoka kivuli kitupu. Mwanga mzuri ni wa mchana kwenda jioni, jua likiwa upande wa mji. Sasa, siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji hapa hujaa karibu na saa kumi alasiri. Maana yake ni kwamba kuanzia saa nane fungu linaanza kupungua, ndege wanasogezwa pamoja na maji, na jua liko mgongoni mwangu. Siwafuati. Nakaa chini mapema, maji yanawaleta. Mtu akiwakimbiza kundi zima linaruka, nao walikuwa wamepumzika baada ya kuvua asubuhi nzima; picha ya namna hiyo siitaki.

Upande wa kukaa unaamuliwa na upepo. Buabua na shakwe wakisimama huelekeza midomo kwenye upepo, na kaskazi inatoka kaskazini-mashariki. Ukikaa magharibi yao moja kwa moja unapata mikia na migongo kwa wingi. Mimi nakaa kaskazini-magharibi, nikapata ubavu wa kushoto wote, na anayeruka anaanza kwa kuupanda upepo, akipita mbele ya lenzi.

Mipangilio ninayoanzia, jua likiwa wazi: kasi ya shata sekunde 1/2500, tundu la lenzi f/8, wepesi wa kunasa mwanga ISO 400. Nyuma ya ndege kuna maji yenye giza, na kamera ikiachiwa iamue yenyewe huongeza mwanga hadi manyoya meupe yanaungua, yasibaki hata mstari wa bawa. Ndiyo maana naweka kwa mkono.

Bamvua likiwa kubwa sana fungu linazama lote. Kundi huhamia kwenye mashamba ya chumvi ya Nunge, na huko hukaa kwenye matuta. Mwanga wa Nunge ni mkali kwa sababu ya chumvi.

Februari

Soko la samaki ni mahali pa shakwe. Matumbo ya samaki yanapotupwa wanashuka bila kuogopa watu, karibu na akina mama wanaokaanga. Shakwe wa kahawia wa pwani, *Ichthyaetus hemprichii*, anataga Bahari ya Shamu, Ghuba ya Aden na visiwa vya Somalia hadi kaskazini mwa Kenya: kichwa cheusi-kahawia, mdomo mnene wenye ncha nyekundu na pete nyeusi. Mwenzake mwenye mgongo wa kijivu cha giza na miguu ya manjano ametoka kaskazini mwa Urusi. Huyo anachukua takriban miaka minne kupata manyoya ya utu uzima, kwa hiyo sokoni unaweza kuona rika zote, kuanzia mwenye madoadoa ya kahawia. Nimejaza folda nzima ya rika hizo na naiona ni hazina.

Mzee mmoja wa ngalawa, nilipomwamkia na kumwonyesha picha, alinieleza jinsi wanavyowatumia buabua: wakizunguka juu wametawanyika bado wanatafuta, wakianza kujirusha mahali pamoja, dagaa wamepandishwa juu na jodari walio chini yao, na wavuvi wanageuza tanga. Nataka picha hiyo nikiwa chomboni. Amekubali kunichukua, bahari ikitulia.

Machi, mwisho wa mwezi

Weusi umerudi! Buabua mdogo wa kishungi sasa ni mweusi kuanzia kisogoni mpaka kwenye mzizi wa mdomo. Mkubwa wake hafiki huko: hata akijiandaa kutaga, kati ya mdomo na utosi kunabaki ukanda mweupe. Picha ya wawili hao pamoja, vishungi vimesimama, ndiyo niliyokuwa naiwinda tangu mwanzo, na ninayo.

Aprili

Kundi limepungua sana. Waliobaki wengi ni vijana wasiotaga mwaka huu, mapaji bado meupe. Hao nitaendelea nao. Kusi inatoka kusini-mashariki, kwa hiyo nahamia kusini-magharibi mwa fungu, nipate ubavu wa kulia.